Mguu Usiouma

Katika miaka yote niliyomfahamu, Bwana Shamba hakuwahi kupiga mpira hata mara moja. Mpira ukimfuata pale alipokuwa amesimama kando ya uwanja, aliinama, akauokota kwa mikono miwili kama mtu anayeokota kifaranga, akaufuta tope kwa kiganja na kumpa aliye karibu. Sisi watoto tulidhani hiyo ndiyo heshima ya ukocha. Tulikuja kujua tukiwa wakubwa kwamba hakuweza. Mpira alikuwa ameujulia redioni.

Kilichomleta kwetu Nyabiyonza ni migomba na kahawa. Alikuwa afisa ugani wa kata, na kwa kuwa watu wetu hawana haja na majina marefu ya vyeo, akaitwa Bwana Shamba sokoni, kanisani na uwanjani pia. Timu za kata nyingine zilicheka zikitusikia tunapaza sauti, "Bwana Shamba, refa anatuonea!" Alivaa gambuti masika na kiangazi. Alikuwa mrefu, mabega yameinama mbele, na kila alipoketi alishusha pumzi kama mtu aliyetua mzigo, hata kama alikuwa amesimama dakika tano tu. Sikumbuki kumwona akiwa na haraka. Sikumbuki pia kumwona amepumzika.

Mimi ni Ansila. Siku hizi nafundisha shule ya msingi huku Rubwera, na jioni nina wasichana ishirini na mpira mmoja ulioshonwa mara mbili. Nikichoka, na siku hizi nachoka mapema, namfikiria yeye. Si kwa mapenzi matupu. Kwa miaka mingi nilikuwa na kinyongo naye kwa sababu ya mdogo wangu, Novath, na nitafika huko.

Watu walimlaumu sana kwa kuchelewa. Mazoezi yalikuwa saa kumi jioni, yeye alifika saa kumi na nusu, pengine saa kumi na moja kasoro. Mwalimu mkuu aliwahi kumsema mbele yetu, naye akaitikia "Ni kweli, mwalimu," kesho yake akachelewa tena. Siku moja mama alinituma chumvi kabla ya mazoezi. Nikapita njia ya juu, nyuma ya ghala la kahawa linaloutazama uwanja, nikamkuta ameketi juu ya gunia tupu, baiskeli imelala kando yake. Anatuangalia. Yaani anawaangalia wenzangu.

"Shikamoo, Bwana Shamba."

"Marahaba. Shuka taratibu, usiwaambie kama niko hapa."

"Kwa nini hushuki?"

"Nikishuka wataanza kucheza kwa ajili yangu." Akanyoosha kidole. "Yule anapiga mpira ukutani peke yake tangu saa tisa na nusu. Wale watatu wanangoja filimbi. Nikiwahi, wote wanafanana."

Sikuwaambia wenzangu. Lakini tangu siku hiyo nikawa najua kwamba tunaangaliwa, na sina hakika kama nilicheza tena kwa uhuru niliokuwa nao kabla. Mambo mengi ya Bwana Shamba yalikuwa hivyo: ukishayajua, yanaharibika.

Kuhusu kipaji alikuwa na dharau ya ajabu kwa mtu anayefundisha mpira. "Kipaji hata ng'ombe akipita anakiona," alisema. "Kinachonishinda ni kujua nani atakuja kesho." Alikuwa ameona watoto wenye miguu ya dhahabu wakiacha mpira kwa sababu mjomba amenunua pikipiki, au kwa sababu ya binti, au pasipo sababu yoyote. Na alikuwa ameona wenye miguu mizito wakija miaka sita mfululizo na mwishowe kucheza vizuri. Hakudai kuelewa. Padre aliposema siku moja kanisani kwamba vijana ni kama miche ya kahawa, na kwamba tumebahatika kocha wetu ni bwana shamba, watu walicheka kwa furaha. Yeye alinuna. Nje ya kanisa alimwambia baba yangu, "Mche hauwezi kukataa kuwa mbuni. Mtoto anaweza kukataa kuwa chochote."

Baba yangu ndiye aliyekuwa na sababu ya kumchukia kuliko wote. Baba alivuka mto kutoka Burundi akiwa kijana, akalima vibarua kwa watu mpaka akapata kibanja chake mwenyewe, na watu wakaendelea kumwita Mrundi. Nyumbani tulisema Kirundi kilichochanganyika na Kinyambo. Kiswahili tulikijulia shuleni na uwanjani. Mwaka ule mnyauko ulipoingia, Bwana Shamba alikuja na panga, akakata mgomba mmoja, akatuonyesha usaha wa njano unaotoka kwenye shina. Akasema migomba yote ya upande wa chini ing'olewe na kufukiwa. Baba aliomba abakize hata mistari miwili.

"Nikibakiza miwili, mzee wangu, mwakani nitakuja kung'oa yote."

Wakang'oa pamoja siku mbili. Bwana Shamba alivua shati akachimba mashimo kama kibarua. Jioni ya siku ya pili, mikono bado ina udongo, akamwambia baba, "Una binti na kijana. Nawaomba uwanjani, saa kumi."

Alipoondoka, baba alisema, "Amekula kibanja changu, sasa anataka watoto." Lakini alituruhusu. Nadhani hakuwa ameona mtu wa ofisi akichimba shimo kwa ajili yake.

Mimi nilipelekwa ili nimwangalie Novath, maana alikuwa na miaka tisa tu na njia ilikuwa ndefu. Mimi nilikuwa na kumi na miwili. Hivyo ndivyo nilivyoanza mpira: kama mlinzi wa mtoto.

Iko habari ya jezi ambayo bado inanichekesha na kunikera kwa pamoja. Mnunuzi mmoja wa kahawa alitupa seti nzima ya jezi, nyekundu, zenye namba mgongoni. Habari ikaenea. Tulikuwa kumi na wanne mazoezini. Wiki hiyo tukawa arobaini. Walikuja hata watoto wa wafugaji kutoka rweya, yale majani ya wazi huko mbali, fimbo za kuchungia bado mkononi. Bwana Shamba akazifungia jezi kwenye sanduku, akatukimbiza milimani wiki mbili. Tukabaki kumi na wanne, walewale, ukiongeza mchungaji mmoja.

Sasa tukangoja jezi zetu. Jumapili tukaingia kanisani, tukakuta kwaya ya watoto imesimama mbele ya altare imevaa nyekundu. Namba tisa anaimba, namba nne anaimba, mpiga ngoma kavaa jezi ya golikipa.

"Aliyekuja kwa ajili ya jezi ataondoka na jezi," alituambia tulipomlalamikia. "Ninyi mlibaki bila jezi. Kwa nini niwaharibie?"

Tukacheza msimu ule na mashati yaliyochanika. Tulifungwa mechi ya kwanza na timu ya Nkwenda, wao wamevaa vizuri, na nakumbuka nilimwona Bwana Shamba akitazama migongo yetu kama mtu anayeanza kujiuliza.

Lakini mtu huyuhuyu aliyekataa kuwahonga watoto kwa jezi hakuona aibu kuwadanganya. Beki wetu Erasto alikuwa mkubwa na mpole kupita kiasi. Kabla ya kila mechi Bwana Shamba alimvuta kando: "Jana nilikuwa Nkwenda. Wanasema beki wetu ni gogo la mgomba." Erasto aliingia uwanjani anatoa moshi. Mwaka mzima alicheza kwa hasira hiyo. Kisha siku ya soko alikwenda Nkwenda na mama yake, akawatafuta vijana wa timu ile ili awaulize ni nani kati yao anayemwita gogo. Hawakumjua hata jina. Hawakuwahi kumzungumzia kabisa.

Erasto alilia njia nzima, na si kwa sababu alitukanwa. Alikaa nyumbani mwezi mzima. Bwana Shamba akaenda kwao, akakalia kigoda mbele ya mama mtu, akasema, "Nilimdanganya mtoto wako. Nisamehe." Mama alimpa maji ya kunywa. Erasto alirudi, akacheza bila hadithi, wastani tu, mpaka alipomaliza shule. "Anayeendeshwa na hasira," Bwana Shamba alituambia baadaye, "ikimwishia anasimama katikati ya njia. Hilo nilitakiwa kulijua."

Mke wake alikuwa akitupikia uji siku za mechi. Mwanamke mfupi mwenye maneno machache yenye miiba. Watoto wao watatu hakuna hata mmoja aliyecheza mpira. Aliwahi kutuambia, anaosha vikombe, mumewe anasikia: "Watoto wa watu anajua wanataka nini. Wa kwake hajui hata wamekula nini." Bwana Shamba alishusha ile pumzi yake ndefu, akatoka nje kutengeneza mnyororo wa baiskeli.

Tulipofika wasichana kumi akasema sasa na sisi ni timu. Nilifurahi mno. Lakini wavulana walikuwa na mashindano, na kila mara alijikuta upande wao. Aliniita na kusema, "Ansila, wewe waongoze. Wewe huna shida." Nikawa naongoza mazoezi ya wasichana nikiwa na miaka kumi na minne. Nilihesabu, nilipiga filimbi, niliamua ugomvi. Winga ya kushoto niliyoipenda nilicheza pale tu alipokosekana mtu. Nilifika wa kwanza kwa sababu mtu lazima awepo wa kwanza.

Sasa Novath.

Novath alikuwa na tabia moja uwanjani ambayo sijaiona kwa mtu mwingine. Akishakupita na mpira, hakukimbilia goli. Alisimama. Alikungoja urudi, anacheka, ili akupite tena. Hakufanya hivyo kwa kukudharau. Alitaka tu jambo lile lisiishe. Wengine walimkasirikia, halafu wakajikuta wanacheka naye. Bwana Shamba alijaribu kutufundisha wote kukaa na mpira kwa utulivu ule, akagundua haufundishiki.

Mdogo wangu alipofika miaka kumi na miwili, kuna siku Bwana Shamba alishuka kutoka ghalani saa kumi kamili. Wenzangu hawakuelewa uzito wa jambo lile, mimi nilielewa. Alikuja moja kwa moja mpaka pale Novath alipokuwa anacheza na kivuli chake, akasimama na gambuti zake, akasema mbele ya wote, "Huyu atafika."

Hakuwahi kumwambia mtoto yeyote neno hilo. Miaka yote alituambia kwamba sifa ni kama sukari kwenye jeraha. Kumbe alikuwa amechoka. Nadhani alikuwa amewangoja watu wa namna ya Novath muda mrefu kiasi kwamba, alipompata, alisahau kila alichokijua.

Akamnunulia njumu. Akawa anakuja alfajiri kumkimbiza, yeye kwenye baiskeli, mtoto mbele. Alimwomba baba amwondolee Novath kazi ya kupalilia, na baba, ambaye hakuwahi kumwondolea mtu kazi, akakubali. Wachezaji wakaambiwa, "Mtafuteni Novath." Wanawake wakaleta mayai: ya Novath. Na jambo lililokuwa kubwa kuliko yote lilitokea taratibu hata hatukuliona. Watu waliacha kumwita baba Mrundi. Wakaanza kumwita Baba Novath. Sokoni walimsogezea benchi. Baba akaanza kutembea kwa namna nyingine, kifua mbele, na jioni alimtazama Novath akila kana kwamba anahesabu kila tonge.

Novath aliacha kungoja watu uwanjani. Akishakupita, alikwenda goli moja kwa moja na kufunga, kisha akatazama pembeni. Alifunga sana mwaka ule. Watu walisema amekomaa.

Alipokuwa na kumi na minne, ikaja taarifa kwamba wasaka vipaji wa kituo kimoja cha soka cha Mwanza watakuja Nkwenda kuchagua vijana. Wiki tatu kabla ya mchujo, mazoezini, Novath alianguka chini peke yake. Hakuna aliyemgusa. Alishika goti la kulia na kusema, "Linauma."

Bwana Shamba alimbeba kwenye baiskeli mpaka zahanati, na kutoka hapo hospitali. Akapigwa picha. Daktari akasema mfupa ni mzima, labda ni mishipa, apumzishwe. Tangu siku hiyo Bwana Shamba alikuja kwetu kila jioni. Alivua gambuti mlangoni. Ndiyo mara ya kwanza niliona miguu yake, myeupe kwa kukaa ndani ya gambuti, vidole vimebanana. Alipasha maji, alilowanisha taulo, akapiga magoti kwenye mkeka na kukanda ule mguu polepole, kutoka gotini kushuka mpaka kifundoni. Baba aliketi mlangoni anatazama. Novath alitazama darini na machozi yakimtiririka kuelekea masikioni.

"Vumilia, mwanangu," Bwana Shamba alimwambia. "Yanaisha."

Ulikuwa msimu wa senene, wale panzi wa kukaanga. Asubuhi moja baada ya mvua niliamka nikakuta kitanda cha Novath kitupu na ndoo haipo. Nikamfuata rweya. Ukungu ulikuwa chini sana. Kwanza nilimsikia anacheka, kisha nikamwona: anakimbia kwenye majani, ndoo mkononi, anawafuata senene. Mbele yake palikuwa na mtaro mpana. Akauruka. Akatua na mguu wa kulia, akageuka kwa mguu huohuo kama alivyokuwa akigeuka zamani.

Akaniona.

Halafu akaanza kuchechemea. Palepale, mbele ya macho yangu, kuelekea nilipo, kama mtu anayeniomba kitu. Nilipokea ndoo.

"Kwa nini, Novath?"

"Nikicheza vibaya watasikitika. Nikicheza vizuri watanichukua." Alikuwa anatazama senene ndani ya ndoo. "Mguu ukiuma, hakuna mwenye kosa."

"Na mpira wenyewe?"

"Mpira ulikuwa wangu, Ansila. Sasa ni wa kila mtu."

Sikumwambia yeyote. Siku ya mchujo Bwana Shamba aliketi naye kwenye benchi, mkono begani mwake, wakitazama wavulana wawili wa kata nyingine wakichaguliwa. Mwishoni alimwendea baba akasema, "Ni bahati mbaya, mzee wangu." Baba aliitikia kwa kichwa. Kufikia Pasaka kuchechemea kulikuwa kumeisha, na hakuna mtu nyumbani aliyeuliza kuliishaje. Novath hakurudi uwanjani kwa Bwana Shamba. Mayai yalikoma. Jina la Baba Novath lilidumu kidogo, halafu siku moja sokoni nikasikia mtu anasema "yule Mrundi," nikajua limekwisha.

Kwa hiyo nilimchukia. Nikiwa chuo cha ualimu niliwasimulia wenzangu kuhusu kocha aliyeua mpira wa mdogo wangu kwa kuupenda mno. Nilisimulia vizuri, wakatikisa vichwa. Kisha nikapangiwa Rubwera, nikaanza timu yangu ya wasichana, na mwaka wa pili akaja binti mmoja mwenye miguu myepesi kuliko wote niliowahi kuwaona. Nikamwambia mbele ya wenzake, "Wewe utafika." Nikaona mabega yake yakishuka kidogo, kama mtu aliyetwishwa. Nililala vibaya usiku ule. Nilikuwa nimejua kabla sijafungua mdomo, na bado nilisema.

Nilimwona Bwana Shamba mara ya mwisho mwaka jana, kiangazi, uwanja wa Nkwenda. Tulikuwa kwenye mashindano ya shule. Wavulana walikuwa wanacheza na wasichana wangu wangefuata. Niliona mzee ameketi chini karibu na kibendera cha kona, bakora mapajani. Alikuwa amestaafu na kujenga huko, kwa kina mke wake. Macho yote mawili yalikuwa yamefunikwa na wingu la kijivu.

"Shikamoo, Bwana Shamba."

Aligeuza sikio. "Marahaba. Hiyo sauti ni ya Nyabiyonza."

"Ni Ansila."

"Ansila." Alipapasa nyasi kando yake. "Kaa. Nisaidie kuona."

Nikaketi. Nikaanza kumtangazia kama redio: namba saba ana mpira, anampa namba kumi. Akanigusa mkono.

"Usiniambie mwenye mpira. Niambie yule aliyeupoteza. Anafanya nini?"

"Ameshika kiuno."

"Na mwingine?"

"Ameanguka, anamwangalia refa."

"Mm."

"Huyu wa sasa ameufuata. Ameukosa. Ameufuata tena."

"Huyo ana miaka mingapi?"

"Kumi na mitatu hivi."

"Mungu amsaidie," alisema, na sikuelewa kama ni baraka au huruma.

Ikawa mapumziko. Akauliza habari za Novath. Nikamwambia anatengeneza pikipiki hapo hapo Nkwenda, ana watoto wawili, amenenepa. Jumapili anacheza mpira na mafundi wenzake.

"Anacheka akicheza?"

"Anacheka."

Nikaona nisipolisema hapo sitalisema tena. "Bwana Shamba, ule mguu..."

"Haukuwa unauma."

Nilimgeukia. Alikuwa ametazama mbele kwa macho yake yasiyoona.

"Mguu unaouma hujikaza ukiugusa," alisema. "Wake ulikuwa umelala kama wa mtoto aliyeshiba. Nilijua wiki ya kwanza."

"Sasa kwa nini uliendelea kuja? Kila jioni? Unakanda?"

"Kila jioni nilitoka kwangu nikisema, leo nitamwambia. Mwanangu, najua, simama tu, tuache mambo haya. Nikifika, namkuta baba yako pale mlangoni ananitazama kama daktari. Nashindwa." Alisugua goti lake mwenyewe. "Basi napasha maji."

Upepo ulipeperusha vumbi katikati ya uwanja. Nilikuwa nimeweka kinyongo miaka kumi na minne, na kumbe tulikuwa watatu tuliojua, mimi, yeye na Novath, kila mmoja amenyamaza kwa ajili ya mtu mmoja aliyekaa mlangoni.

"Lakini nikihesabu makosa yangu," akasema, "sianzi na Novath."

"Unaanza na nani?"

"Wewe."

Nilicheka.

"Ulikuja kila siku. Hakuna aliyekuita, hakuna aliyekusukuma. Nikasema huyu ana chake moyoni, hahitaji mtu. Nikahangaika na wasiotaka, nikakupa na wasichana uwalee juu yake." Alishusha pumzi. "Sikukuambia hata siku moja kwamba unajua mpira."

"Nilikuwa najua?"

"Mguu wako wa kushoto, Ansila. Nilikuwa nikiutazama mpaka nasahau wengine. Nikadhani na wewe unajua."

Maneno yale yalinifikia kama chakula kinacholetwa njaa ikiwa imeshapita. Niliyatafutia mahali pa kuyaweka, sikupaona. Nilimshukuru. Yeye aliitikia "Haya, waitu," neno la heshima la kwetu, akaegemea bakora yake, na kipindi cha pili kikaanza. Niliendelea kumtangazia waliopoteza mpira mpaka filimbi ya mwisho.

Zamu ya wasichana wangu ikafika. Nikamuaga, nikavuka uwanja kuelekea walipokuwa wamekusanyika wanafunga kamba za viatu. Yuko mmoja kati yao, Editha, beki wa kushoto. Hufika kabla yangu kila jioni. Hajawahi kukosa, hajawahi kuleta shida, na nilipokuwa natembea nilijaribu kukumbuka mara ya mwisho niliyomsemesha yeye peke yake. Sikuikumbuka.

"Editha, njoo."

Alikuja mbio, akasimama mbele yangu, mikono nyuma, uso umekunjamana.

"Mwalimu," akasema, "nimefanya kosa gani?"

"Hakuna kosa."

Hakuniamini. Niliweka mkono begani mwake nikatafuta pa kuanzia, naye akaniangalia, anangoja nimwadhibu. Refa alikuwa tayari amesimama katikati ya uwanja, anatuita.